Memori Kadi: Isomwe au Ipimwe?

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama kupitia Kakola hadi Geita na Katoro, mzigo haununuliwi kwa kusoma kilichoandikwa kwenye kiroba. Anayetaka kununua mawe huomba sampo: kipande hutwangwa, unga wake ukaoshwa kwenye karai, na kinachobaki chini ya karai ndicho kinachoamua kama mazungumzo ya bei yaanze. Dhahabu ikishapatikana, kupimwa kunaendelea. Wapo wanaoipima kwenye maji, na kwenye masoko ya madini, kama lile la Geita lililofunguliwa mwaka 2019, ipo mashine ya mionzi inayotaja dhahabu ni sehemu ngapi na fedha au shaba ni sehemu ngapi. Ile methali ya king'aacho haina kazi huku, maana dhahabu iliyotoka kuchomwa na zebaki yenyewe haing'ai. Imefifia kama udongo mkavu. Watu wa ukanda huu wamejifunza zamani kutoyaamini macho yao. Sasa vuka barabara uingie kwenye duka la simu na vifaa vyake, umwangalie mpiga picha wa harusi akinunua memori kadi ya kamera. Anasoma: GB 128. Anasoma tena: 170 kwa sekunde. Analipa, anaondoka.

Hoja ninayoitetea ni kwamba memori kadi ya kamera inastahili kutendewa kama kiroba cha mawe: maandishi yaliyo juu yake yachukuliwe kuwa madai ya mtu, mpaka kipimo kiseme vingine. Hoja hii ina wapinzani, nao si wajinga. Muuzaji anayo ya kwake, mpiga picha mzoefu ana ya kwake iliyo ngumu zaidi, kijana wa studio anadhani mjadala wote umepitwa na wakati, na yupo mama mwenye shughuli ambaye hakuomba kuingizwa humu lakini fedha ni zake. Wote wapewe nafasi.

Muuzaji ndiye wa kwanza, kwa kuwa bidhaa iko mkononi mwake. "Kaka, unahangaika nini? Namba si hiyo hapo? Na kama huamini, naichomeka kwenye simu mbele yako." Anaichomeka, na kweli simu inaonyesha GB 128. Kwake hapo upimaji umekwisha, na wateja wengi humwona mwaminifu kwa kukubali kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba simu haikupima chochote. Ndani ya kadi mna vitu viwili: chipu zinazohifadhi picha, na chipu ndogo ya kidhibiti inayozungumza kwa niaba yao. Simu au kompyuta haifungui ghala ikahesabu rafu. Inamuuliza mlinda mlango ghala lina ukubwa gani, na mlinda mlango anajibu alichofundishwa. Anayetengeneza kadi feki huchukua chipu za GB 8, au hata chipu zilizokataliwa kiwandani, kisha humfundisha mlinda mlango kusema 128. Kila chombo utakachoichomekea kadi hiyo kitapata jibu hilohilo. Wapima dhahabu wanao mfano wao wa jambo hili. Kipimo cha maji hutegemea uzito wa kitu ukilinganishwa na ujazo wake, na dhahabu safi ni mara 19.3 ya maji. Lakini ipo metali iitwayo tangsteni ambayo ni mara 19.25, kwa hiyo kipande cha tangsteni kilichofunikwa dhahabu kinaweza kupita kwenye maji kikicheka. Kuchomeka kadi kwenye simu ni kipimo cha maji kwa tangsteni.

Kinachofuata baada ya kudanganywa ndicho kinachoifanya kadi feki kuwa mbaya kuliko bidhaa nyingine za bandia. Kiatu feki kinachanika ukiona. Betri feki inazima, nawe unajua imezima. Kadi feki inaendelea kupokea. GB 8 za kweli zikijaa, kidhibiti hakisemi kwamba nafasi imekwisha, kwa sababu kimeshaapa kuwa zimebaki 120; kwa hiyo picha mpya ama huandikwa juu ya zile za mwanzo, ama hutupwa tu. Orodha ya majina ya picha hubaki, kwa kuwa hukaa mahali pake mwanzoni mwa kadi, na kamera inaweza kuonyesha picha ndogo kana kwamba mambo ni shwari. Ni kesho yake, mezani, ndipo picha inafunguka nusu ikiwa uso wa bibi harusi na nusu rangi ya kijivu, au inakataa kufunguka kabisa. Enzi za mkanda wa filamu hadaa ya aina hii haikuwezekana. Mkanda wa picha 36 ulikuwa na picha 36, na ulipofika mwisho mkono ulihisi kamera ikikaza. Mkanda ungeweza kuungua au kuingia mwanga, ila haukuwa na mdomo wa kusema uongo kuhusu urefu wake.

Muuzaji hajakata tamaa. Anasema jicho lenye uzoefu linaitambua kadi orijino: maandishi yamekaa sawa, plastiki haina kingo kali, pakiti ina nembo inayometa. Uzoefu huo una faida yake, nami siudharau. Utaziondoa zile feki za hovyo kabisa. Lakini mwaka 2010 mhandisi Mmarekani Andrew Huang aliandika uchunguzi wake kuhusu kadi ndogo zilizokuwa zikifeli kwenye uzalishaji wa kifaa alichokisimamia. Zilikuwa na jina la Kingston, zimenunuliwa kwa kazi ya kiwanda na si kwenye meza ya machinga. Kwa nje zilifanana na nyinginezo. Ilibidi asome namba za utambulisho zilizoandikwa kielektroniki ndani ya kadi, kisha aziyeyushe maganda kwa tindikali ili azione chipu zenyewe, ndipo kasoro zikajitokeza. Kama mhandisi mwenye maabara alilazimika kufika kwenye tindikali, mpiga picha wa Ushirombo mwenye jicho na tochi ya simu ana nafasi gani?

"Basi hiyo ni kazi ya serikali," wanasema wengi, na sauti hii haina mwenyewe maalumu. Kila mtu huisema akishapata hasara. Ina haki yake. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, na Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963. Tena Tanzania ilishaonyesha kwamba bidhaa feki ya kielektroniki inaweza kung'olewa nchi nzima kwa siku moja: tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu zenye namba bandia za utambulisho, baada ya miezi ya kuwahimiza watu wabonyeze *#06# na kutuma namba kwenda 15090 wajue simu zao ni za kweli au la. Ukiangalia vizuri jinsi zoezi lile lilivyowezekana, utaona kwa nini haliwezi kurudiwa kwa memori kadi. Simu inalazimika kujitambulisha kwenye mtandao kila inapowashwa, na mtandao una mlango wa kufunga. Memori kadi haijitambulishi kokote. Inaishi ndani ya kamera, mfukoni, ndani ya bahasha. Hakuna mnara inaouomba ruhusa. FCC inaweza kukamata kontena bandarini au mzigo ghalani, na ni vema ikafanya hivyo, lakini kadi ikishafika kwenye kioo cha duka la Runzewe hakuna wa kuizima. Mtu wa mwisho anayeweza kuikagua ni aliyeishika.

Hapa ndipo mpiga picha mzoefu anapoingia, na yeye ndiye mpinzani ninayemheshimu kuliko wote. "Mimi memori yangu nimeinunua Kahama kwa bei ya kawaida, nina mwaka wa tatu nayo, send-off na harusi sijui ngapi. Haijawahi kunisaliti. Huo upimaji wako unanipa nini ambacho miaka mitatu haijanipa?" Swali zuri, na jibu liko kwenye tabia za kazi yenyewe. Kamera nyingi za harusi zilizoko mikononi mwa watu ni zile za kizazi cha Canon 600D ya mwaka 2011, ambayo picha yake moja ya JPEG kubwa ni kama MB 6.4. Picha elfu moja za shughuli nzima ni MB 6,400, yaani hazifiki hata GB 7. Jioni anazihamishia kwenye kompyuta, anafomati kadi, na wiki inayofuata anaanza upya mwanzoni mwa kadi ileile. Kwa hiyo kadi feki yenye GB 8 za kweli inaweza kufanya kazi miaka mitatu bila kosa, kwa sababu hakuna siku hata moja ilipopelekwa kwenye ukuta wake. Miaka mitatu haikuipima kadi. Iliipima ile sehemu ndogo ya mwanzo, mara kwa mara. Halafu inakuja shughuli ya siku tatu mfululizo, au mteja anayetaka na video, nayo inavuka ukuta kwa mara ya kwanza siku ambayo haina marudio. Katika uchimbaji neno marudio lina maana nzuri: ni mchanga ulioshaoshwa, unaopelekwa tena kwenye vati kutoa dhahabu iliyobaki. Harusi haina marudio ya namna hiyo.

Anaendelea: "Sawa, lakini nani ana muda? Na umeme je?" Tuhesabu, maana hapa malalamiko ni makubwa kuliko kitu chenyewe. Kupima maana yake ni kuijaza kadi yote kwa data inayojulikana, kisha kuisoma yote tena na kulinganisha. Programu ya H2testw hufanya hivyo kwenye Windows, F3 hufanya hivyo kwenye Linux na Mac, zote ni za bure na zinaingia kwenye kompyuta yoyote ya studio. Kadi ya GB 64 ikiandikwa kwa mwendo wa MB 20 kwa sekunde huchukua sekunde 3,200, yaani dakika 53 au 54, na kuisoma huwa ni haraka zaidi. Saa moja na nusu, mara moja tu katika maisha ya kadi, wakati mtu anakula au amelala. Asiye na programu hizo anaweza kunakili mafaili ya video mpaka kadi iseme imejaa, aichomoe, airudishe, kisha afungue mafaili ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho ayaone yakicheza. Kuichomoa ni lazima, kwa sababu kompyuta huweza kukuonyesha nakala iliyobaki kwenye kumbukumbu yake yenyewe ukadhani inatoka kwenye kadi. Wapo wanaohofia kwamba kuijaza hivyo kunaichosha. Kunaichosha kweli, kiasi cha kujazwa mara moja, kwa kitu kinachotarajiwa kujazwa na kufutwa mamia ya mara.

Katika upimaji huo hutokea jambo linaloleta ugomvi usio wa lazima dukani, nalo ni ile GB 64 inayoonekana kuwa 59.6 kwenye kompyuta. Mteja anadai ameibiwa, muuzaji anaapa. Hakuna aliyeibiwa. Kiwanda huhesabu kwa maelfu, kwamba GB moja ni baiti bilioni moja. Windows huhesabu kwa 1,024 mara tatu, ikapata kipimo kikubwa zaidi na kwa hiyo idadi ndogo. Ni kama mtu aliyelima ekari kumi akaambiwa ana hekta nne; shamba halijapungua. Kadi ya 32 itaonyesha 29.8, na ya 128 itaonyesha 119.2 hivi. Namba hizo ndizo za kweli, na anayezijua hatamgombeza muuzaji asiye na kosa.

Maandishi ya kasi yana uongo wa aina nyingine, mpole zaidi, unaofanywa hata na viwanda vyenye jina. Ile 170 iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni kasi ya kusoma, tena ya juu kabisa, tena kwa kisomeo maalumu. Mfumo wa UHS-I ambao kadi nyingi hizi huutumia una kikomo cha MB 104 kwa sekunde kwa mujibu wa kanuni za SD. Kinachozidi hapo kinapatikana kwa mbinu ya kiwanda husika, na kamera haiijui mbinu hiyo. Kamera kazi yake kubwa ni kuandika. Namba inayomhusu mpiga picha ni ndogo, imejificha pembeni: 10 ndani ya duara wazi, 3 ndani ya herufi U, au V30. Hizo ni ahadi za chini kabisa. Kadi ya alama 10 inaahidi kutoshuka chini ya MB 10 kwa sekunde inapoandika mfululizo, U3 na V30 zinaahidi MB 30. Video ya 600D, kwa mfano, hula kama MB 330 kwa dakika, yaani MB 5.5 kwa sekunde, na ndiyo maana hata kadi ya alama 6 ingeitosha. Kamera mpya zinazorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde zinatisha kwa jina, lakini gawanya kwa nane: MB 12.5. V30 inamudu na kubakiza. Anayelipia 170 kwa ajili ya kamera ya 2011 ananunua lori la tani kumi apelekee maji ndoo mbili. Asichopaswa kuacha ni kuhakikisha ile ahadi ndogo ni ya kweli, na bahati nzuri programu zilezile za kupima ukubwa huandika pia kasi zilizopata. Kadi yenye V30 juu yake inayoandika kwa MB 8 kwenye kisomeo kizuri imejibu swali.

Na kamera yenyewe ni mpimaji. Huku kwetu kamera hubadilisha mikono mara nyingi, na Canon 450D ya mwaka 2008 bado inafanya kazi studio. Ilitoka kabla ya kadi kubwa za SDXC kutangazwa mwaka 2009. Ilitengenezwa kwa kadi zisizozidi GB 32. Ukiipa ya 64 iliyo orijino kabisa inaweza kuikataa, na muuzaji akalaumiwa kwa feki isiyokuwepo. Ukibeba kamera kwenda dukani unamaliza neno hilo kwa dakika moja.

Upinzani wa maana zaidi unatoka kwa mpiga picha yuleyule, safari hii akiwa amekubali nusu. "Nimepima, imepita. Sasa niache ninunue kubwa moja nifunge kazi. Hizi ndogo ndogo zinapotea, na ukibadilisha kadi ukumbini vumbi linaingia, au keki inakatwa wewe unahangaika na kifuniko." Ameshika jambo. Vumbi la Shinyanga mwezi wa Agosti si la kubishana nalo, na kadi ya SD ina vipande tisa vya metali vilivyo wazi mgongoni ambavyo chembe moja inaweza kuvitenganisha na kamera. Pamoja na hayo, bado nasema mbili za 64 ni bora kuliko moja ya 128, kwa sababu ile hoja ya kupima ina mpaka wake na lazima niukiri: kipimo kinasema kadi ilikuwa nzima jana usiku. Hakisemi itakuwa nzima Jumamosi. Kadi za kweli nazo hufa, huvunjika, huibwa pamoja na mfuko uliobeba kamera. Kamera zenye nafasi mbili, kama Nikon D7000 ya 2010 au Canon 5D Mark III ya 2012, zinaruhusu kuandika picha ileile kwenye kadi zote mbili kwa pamoja, na mwenye nazo asiitumie nafasi ya pili kwa kuongeza ujazo. Asiye nayo anagawa siku. GB 64 kwa MB 330 kwa dakika ni zaidi ya saa tatu za video. Ibada inakwisha kabla yake. Kadi inabadilishwa wakati msafara unatoka kanisani au msikitini kwenda ukumbini, ndani ya gari vioo vimefungwa, na ile iliyojaa inakaa mfukoni mwa mtu mwingine asiye mpiga picha. Hapo keki haijakatwa bado.

Kuhusu joto, linalolaumiwa sana, nitapita haraka: kadi nyingi zimetengenezwa kuvumilia hadi nyuzi 85, na jua la Mwadui halijafika huko. Chanzo cha balaa kinachopuuzwa ni kibanda cha nyimbo. Katika miji hii memori kadi ilijulikana kwanza kama chombo cha muziki: unampelekea kijana mwenye kompyuta, anakujazia nyimbo za Kisukuma kwa ajili ya redio ndogo, unalipa. Ni kadi ile ndogo ya simu, ambayo kwa adapta huingia pia kwenye kamera, na wapo wanaoitumia kwa kazi zote mbili. Adapta yenyewe inaongeza jozi nyingine ya migusano ya kuchafuka, hilo ni dogo. Kubwa ni kompyuta ya kibanda, ambayo imepokea kadi na fleshi za mji mzima na virusi vyao. Kadi ya kamera iwe ya kamera.

Kijana wa studio amekuwa akisubiri zamu yake akitabasamu. "Wazee, nyie mnabishana kuhusu kitu kinachokufa. Simu inapiga, picha inakwenda kwenye wingu papo hapo, nani atahitaji memori?" Kwa picha kumi za siku ya kuzaliwa hakosei. Kwa kazi, afanye hesabu ileile niliyomfanyia mzoefu: saa tatu za video ya kawaida ni karibu GB 60. Azipeleke kwenye wingu kutoka Nyang'hwale kwa bando la nani? Hata kamera inayotuma picha kwa simu huandika kwanza kwenye kadi. Wingu huja baadaye, likipata kilichookoka. Tena simu zinazopokea memori ya kuongeza zinaingia kwenye hadaa ileile ya mlinda mlango, pengine mara nyingi zaidi, kwa kuwa kadi yake hukaa ndani miaka mingi ikijaa polepole bila kufomatiwa, na siku ya kuvuka ukuta hufika bila mwenyewe kujua ni ipi.

Mama mwenye shughuli hana habari na V30. Msimamo wake ni mfupi: "Mimi nimelipa kamati, kamati imelipa mpiga picha. Memori ni mambo yao." Kisheria na kibiashara amesema kweli, nami simtaki ajifunze kidhibiti cha kadi kinafanyaje kazi. Ila mtu huyuhuyu, angekuwa anauza gramu mbili za dhahabu, asingekubali mnunuzi amwambie "mizani ni mambo yangu". Anaweza kuuliza maswali mawili kabla ya kutoa fedha ya awali: utapiga kwa kadi ngapi, na zilipimwa lini? Asipoelewa jibu, ataelewa kama lipo au halipo.

Tunarudi kwa muuzaji, aliyekuwa wa kwanza na ambaye nimemkalia vibaya muda mrefu. "Mimi sitengenezi kadi. Nimenunua pakiti Kariakoo kama ulivyonunua wewe kwangu. Nikipima kila moja nitauza saa ngapi?" Hilo ni kweli, na katika mnyororo huu mara nyingi yeye ndiye aliyedanganywa kwanza, tena kwa wingi. Bei nayo inambana: mteja akiona ya 128 jirani kwa bei ya 32, yeye mwenye kadi ya haki anaonekana mlanguzi. Lakini hakuna anayemtaka apime kila moja. Mnunuzi wa mawe naye hatwangi kiroba kizima, anachota sampo. Kadi moja katika kila pakiti, usiku, duka likiwa limefungwa na kompyuta imeachwa ikifanya kazi, inatosha kumwambia kama mzigo huu urudi Kariakoo au upangwe kwenye kioo. Akikuta moja imeoza, apime tano. Na anayefanya hivyo anaweza kuandika kwenye risiti ya mashine maneno ambayo jirani yake wa bei ya chini hawezi kuyaandika: ukijaza ikakataa, irudishe ndani ya siku saba.